Kloki Kwanza: Vidokezo 12 kwa Anayeandika Draiva ya Maikrofoni ya Kidijitali

Chipu ya maikrofoni ya kidijitali ina ukubwa wa milimita tatu kwa nne hivi, na bei yake haimshindi mwanafunzi. Iunganishe na bodi ndogo ya kompyuta, betri na paneli ya sola, tayari una kinasa sauti cha kwenda nacho Chamwino, Bahi au Mpwapwa kurekodi vyombo vya ilimba na izeze, na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama wa Kigogo.

Ila chipu hiyo haitoi hata biti moja mpaka ipewe kloki, yaani mapigo ya umeme yanayopanda na kushuka mara milioni kadhaa kwa sekunde. Kuiwasha kloki hiyo, kuipa kasi sahihi na kuizima kwa wakati ni kazi ya draiva, ile programu ndogo ndani ya mfumo endeshi inayozungumza na chipu moja kwa moja. Draiva ikikosea, wimbo hupanda au kushuka sauti, mwanzo wake hukatwa, au betri huisha kabla ya ngoma ya mwisho.

Muziki wa uwanda wa kati unastahili kuhifadhiwa kwa sauti yake yenyewe. Basi wewe uliye ndaki ya CIVE pale Chuo Kikuu cha Dodoma, wewe fundi wa Singida, na yeyote anayeandika draiva yake ya kwanza ya Linux, shika kalamu.

1. Hesabu kloki kabla ya kuandika mstari wowote

Wengi huanza wakidhani kloki ni moja. Mara nyingi ni mbili. Ya kwanza ni kloki ya basi, inayomwezesha prosesa kusoma na kuandika rejista za kidhibiti cha maikrofoni. Ya pili ni kloki ya maikrofoni yenyewe, inayotoka kwenye pini na kufuata waya hadi kwenye chipu. Draiva ya Rockchip inazo pdm_hclk na pdm_clk; ile ya kidhibiti cha PDMIC cha Atmel inazo pclk na gclk. Majina tofauti, kazi zilezile.

Ukizichanganya utaumia. Kusoma rejista wakati kloki ya basi imezimwa, kwenye chipu fulani hukupa sifuri tupu, na kwenye nyingine mashine nzima huganda bila kuacha ujumbe wowote. Bodi ikiganda pale tu draiva inapogusa rejista ya kwanza, anza kukagua hapo.

Chora mchoro kwenye karatasi: kristali, saketi ya PLL inayozidisha masafa, vigawanyo, basi, pini. Ubandike ukutani mbele ya meza yako. Utaurudia kila siku.

2. Piga hesabu ya masafa kwa mkono

Maikrofoni za aina ya PDM hutoa biti moja kwa kila pigo la kloki. Kidhibiti hukusanya biti hizo, huzichuja, na kutengeneza sampuli moja, mara nyingi kutoka kwenye biti 64. Hesabu yenyewe ni nyepesi:

- Sampuli 48,000 kwa sekunde × 64 = megahezi 3.072
- Sampuli 44,100 × 64 = megahezi 2.8224
- Sampuli 16,000 × 64 = megahezi 1.024

Sasa fungua karatasi ya vipimo ya chipu yako. Maikrofoni nyingi za PDM hufanya kazi vizuri kati ya megahezi 1 na 3 na ushee, na baadhi zina hali ya kutumia umeme kidogo karibu na kilohezi 768. Kloki ikishuka chini ya kiwango cha chini, maikrofoni hulala usingizi. Ikizidi kiwango cha juu, huna uhakika wa kile unachopokea.

Kwa mazungumzo ya kawaida, sampuli 16,000 zinatosha. Kwa ilimba, usifanye hivyo. Sanduku la ilimba lina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoleta ule mvumo wa juu unaoitambulisha. Sampuli 16,000 hukata kila kitu kilicho juu ya kilohezi 8. Mwanamuziki Hukwe Zawose aliipeleka ilimba hadi majukwaa ya Ulaya, na albamu yake ya Chibite ilitolewa na kampuni ya Real World mwaka 1996. Chombo cha hadhi hiyo kipe sampuli 48,000.

3. Usiridhike na masafa uliyoomba, uliza uliyopewa

Hapa ndipo penye kosa linaloharibu rekodi nyingi kimyakimya, kwa hiyo tuliangalie kwa karibu.

Tuseme bodi yako ina kristali ya megahezi 12 na kigawanyo kinachogawa kwa namba nzima tu. Draiva inaomba megahezi 3.072. Ukigawa 12 kwa 3.072 unapata 3.906 na kuendelea, namba ambayo kigawanyo hakina. Kinachagua 4, na kloki inatoka megahezi 3 kamili. Gawa kwa 64: sampuli 46,875 kwa sekunde. Hakuna ujumbe wa kosa na hakuna taa nyekundu. Faili linaandikwa likiwa na lebo ya 48,000, na kila mtu anaondoka ameridhika.

Ukilicheza faili hilo kwenye kompyuta yenye kloki sahihi, linakwenda kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 2.4. Wimbo wa dakika 10 unaisha kwa dakika 9 na sekunde 46. Ulimi wa ilimba uliotoa hezi 440 unasikika kwa hezi 450.56. Kwa kipimo cha wanamuziki, sauti imepanda senti 41, na nusu toni nzima ni senti 100.

Wapo watakaosema ni kidogo. Kwa muziki wa Kigogo si kidogo. Wataalamu kama Gerhard Kubik wameandika jinsi mpangilio wa sauti za Wagogo unavyofuata mfululizo wa sauti za asili, zile zinazotokea zenyewe uzi mmoja unapotetema. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko senti 31 chini ya sauti ya kinanda iliyo karibu nayo, na tofauti hiyo ni sehemu ya utamu wake. Kosa la kloki husogeza noti zote kwa pamoja, kwa hiyo ndani ya rekodi moja uhusiano wa noti unabaki salama. Lakini mtafiti akilinganisha ilimba mbili zilizorekodiwa kwa vinasa viwili, kosa la senti 41 linaifunika kabisa tofauti ya senti 31 anayoitafuta.

Dawa iko kwenye mistari mitatu. Ita clk_round_rate kujua kloki inaweza kutoa nini. Ita clk_set_rate kuipanga. Kisha ita clk_get_rate na ulinganishe jibu na ulichotaka. Tofauti ikizidi sehemu 100 kwa milioni, rudisha kosa la -EINVAL na uandike ujumbe ulio wazi. Bora draiva ikatae kuliko ikubali na kudanganya.

Halafu tafuta njia nyingine ya kufika 48,000. Gawa megahezi 12 kwa 5, unapata megahezi 2.4. Kichujio chako kikiweza kukusanya biti 50 badala ya 64, 2,400,000 ÷ 50 = 48,000 bila salio. Hata kristali ya megahezi 19.2 ukiigawa kwa 8 unafika kwenye 2.4 ileile.

Kama tayari una mafaili yenye lebo isiyo sahihi, usiyafute. Programu kama Audacity hukuruhusu kubadilisha kasi ya sampuli ya wimbo bila kugusa sampuli zenyewe. Andika 46875, na sauti itarudi mahali pake.

4. Linda umbo la wimbi

Kasi sahihi peke yake haitoshi. Maikrofoni za PDM hutaka kila pigo ligawanyike karibu nusu kwa nusu, na nyingi huvumilia kati ya asilimia 40 na 60. Ukigawa kwa 5, kloki inaweza kuwa juu kwa hatua mbili na chini kwa hatua tatu: asilimia 40 barabara, ukingoni kabisa. Soma vipimo vya chipu yako kabla ya kuchagua kigawanyo cha witiri.

Jambo hili lina uzito zaidi ukiweka maikrofoni mbili kwenye waya mmoja wa data. Moja hutoa biti kloki inapopanda, nyingine inaposhuka, na pini ya kuchagua kushoto au kulia ndiyo inayoamua ipi ni ipi. Wimbi likipinda, upande mmoja unakosa muda wa kutulia na sauti yake inachafuka. Ukisikia mkwaruzo upande wa kulia tu, usikimbilie kuilaumu maikrofoni. Weka oskiloskopu kwenye waya wa kloki kwanza.

Waya uwe mfupi. Kipinga cha ohmu 22 hadi 100, kikiwekwa karibu na pini inayotoa kloki, hupunguza mtetemo wa wimbi kwenye kona zake.

5. Tayarisha mapema, washa papo hapo

Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012, kerneli ya Linux ina mfumo wa pamoja wa kusimamia kloki, na mfumo huo umegawa kazi mara mbili makusudi. clk_prepare inaruhusiwa kusubiri, kwa sababu PLL huchukua muda kutulia na chipu nyingine za kloki huamrishwa kupitia basi la polepole la I2C. clk_enable hairuhusiwi kusubiri hata kidogo, maana inaweza kuitwa mahali ambapo prosesa haina ruhusa ya kulala.

Katika draiva za sauti, mahali hapo ni trigger, amri ya kuanza na kusimamisha kurekodi. Ukiita clk_prepare ndani yake, siku moja utakutana na "scheduling while atomic" kwenye kumbukumbu za kerneli, na itakuwa siku ya kazi muhimu.

Mgawanyo mzuri ni huu: tayarisha kwenye startup, panga kasi kwenye hw_params, washa kwenye trigger, kisha tayarisho uliondoe kwenye shutdown. Kwa nini tayarisho lisiwe kwenye hw_params? Kwa sababu hw_params inaweza kuitwa zaidi ya mara moja kabla ya kufungwa, na kila mwito utaongeza hesabu ambayo hakuna atakayeipunguza. Kagua pia kama kloki yako inakubali kubadilishwa kasi ikiwa imeshatayarishwa. Nyingine hukataa, na hizo zinahitaji mpangilio wao.

6. Uliyoiwasha, izime wewe mwenyewe

Kerneli hufanya kazi kama pampu ya maji ya kijiji yenye watumiaji wengi: huhesabu walioiwasha, na haizimi mpaka wa mwisho aseme amemaliza. Asiyesema anaiacha inaunguruma usiku kucha.

Sehemu inayosahaulika sana ni njia ya makosa. Draiva inawasha kloki ya basi, inajaribu kuwasha ya maikrofoni, ya pili inagoma, na msimbo unarudisha kosa bila kuizima ya kwanza. Rudi nyuma kwa mpangilio uliogeuzwa: ya mwisho kuwashwa iwe ya kwanza kuzimwa. Kwa kloki inayopaswa kuwaka muda wote draiva ipo, tumia devm_clk_get_enabled, nayo itaizima yenyewe draiva ikiondolewa.

Fungua faili la /sys/kernel/debug/clk/clk_summary uone hesabu kwa macho yako. Pakia draiva, rekodi sekunde chache, simamisha, iondoe. Kama hakuna mtumiaji mwingine, hesabu ya kloki yako irudi sifuri. Rudia mara kadhaa. Ikipanda kidogo kila mara, kuna mlango hujaufunga.

Kuna dalili nyingine ya kuijua. Maikrofoni inafanya kazi mwanzoni kompyuta inapowaka, halafu inakata ghafla. Mwishoni mwa kuwaka, kerneli huzima kila kloki ambayo hakuna aliyeiomba. Draiva yako ilikuwa inatumia kloki iliyoachwa wazi na programu ya kuwashia. Chaguo la clk_ignore_unused litakuthibitishia hilo, ila litumie kwa uchunguzi tu. Tiba ni draiva kuomba kloki yake rasmi.

7. Subiri maikrofoni iamke

Kloki ikianza kupiga, maikrofoni haisikii papo hapo. INMP441, inayopendwa sana na wanaotengeneza vifaa kwa bodi za ESP32, hutoa sifuri kwa mapigo 262,144 ya mwanzo. Kwa kloki ya megahezi 3.072 hiyo ni milisekunde 85. Ukiishusha hadi megahezi 1.024, inakuwa milisekunde 256, robo nzima ya sekunde. Mbunge akianza hotuba yake na "Mheshimiwa Spika", robo ya sekunde inatosha kumeza silabi ya kwanza. Kwa muheme, pigo la kufungulia ngoma ndilo litakalopotea.

Draiva ya jumla ya dmic ndani ya Linux ina kipengele cha wakeup-delay-ms unachokiandika kwenye maelezo ya bodi, ili kerneli isubiri baada ya kuiamsha maikrofoni. Lakini maikrofoni inayoamshwa na kloki yenyewe haifaidiki na kusubiri kunakofanyika kabla kloki haijaanza. Kwa hiyo, kwa maikrofoni ya aina hiyo, badilisha mpangilio wa kidokezo cha 5: washa kloki kwenye hatua ya prepare ya draiva ya sauti, ambako kusubiri kunaruhusiwa, subiri muda uliotajwa na mtengenezaji, kisha trigger ianzishe tu usafirishaji wa data. Hatua ya prepare huweza kurudiwa, hivyo draiva ikumbuke kama kloki imeshawashwa.

Na wewe unayerekodi, bonyeza kitufe mapema. Usingoje mpiga ngoma ainue mikono.

8. Kasi isibadilike katikati ya wimbo

Kwenye bodi nyingi, maikrofoni na spika hunywa kutoka PLL moja. Unarekodi kwa 48,000, mwenzako anacheza muziki wa 44,100, draiva ya spika inabadilisha PLL, na kloki ya maikrofoni inayumba katikati ya rekodi. Kosa hili ni baya kuliko lile la kidokezo cha 3, kwa sababu faili moja linakuwa na kasi mbili, na kulirekebisha ni kazi kubwa.

Familia hizi mbili za kasi hazikai pamoja kwenye kloki moja. Ya 48,000 huzaliwa na megahezi 24.576, ya 44,100 na megahezi 22.5792. Kama chipu yako ina PLL mbili za sauti, ipe kila familia ya kwake. Kama ina moja, tumia clk_rate_exclusive_get wakati wa kurekodi ili mwingine asiweze kuibadilisha, na uiachie kwa clk_rate_exclusive_put ukimaliza. Mwenye spika atapata ujumbe wa kukataliwa, nawe utakuwa umeokoa wimbo.

9. Hakuna anayesikiliza? Zima

Maikrofoni yenyewe hula umeme kidogo, kwa nyingi chini ya miliampia moja. Kinachomaliza betri ni PLL iliyobaki macho kwa ajili yake, na prosesa inayoshindwa kulala kwa sababu kuna kloki haijaachiwa. Mzigo wa ziada wa miliampia 10 kwa saa 24 ni miliampia-saa 240, yaani sehemu ya kumi ya betri ya 2,400. Kijijini ambako sola ndiyo chanzo pekee cha umeme, hiyo ni rekodi ya jioni uliyoipoteza.

Tumia usimamizi wa umeme wa kerneli: pm_runtime_resume_and_get unapoanza, pm_runtime_put_autosuspend unapomaliza, na muda wa kuchelewa wa sekunde kama mbili, ili mapumziko mafupi kati ya wimbo na wimbo yasikurudishe kwenye kusubiri kwa kidokezo cha 7. Kumbuka pia kwamba kidhibiti kikizimwa kabisa, rejista zake zinaweza kusahau kila kitu. Kikiamka, washa kloki ya basi kwanza, kisha ita regcache_sync kurudisha maandishi yake. Ukigeuza mpangilio huo, unarudi kwenye mashine iliyoganda ya kidokezo cha 1.

10. Vinasa viwili vina kloki mbili

Ngoma ya muheme ina wapigaji wengi, na kishawishi cha kuweka kinasa kila upande ni kikubwa. Fahamu kwamba kristali ya kawaida hukosea hadi sehemu 20 kwa milioni. Kimoja kikiharakisha kwa 20 na kingine kikichelewa kwa 20, baada ya saa moja vimeachana kwa sekunde 0.144. Ndani ya muda huo sauti husafiri karibu mita 49. Ukiziunganisha rekodi hizo, pigo moja la ngoma litasikika mara mbili.

Suluhisho bora ni maikrofoni zote kwenye bodi moja zikipigiwa kloki moja, hapo sampuli zake hazitaachana kamwe. Ikishindikana, piga kofi moja kali mbele ya vinasa vyote mwanzoni, na jingine mwishoni. Makofi hayo mawili yatakuonyesha vinasa vimetofautiana kiasi gani, na utanyoosha rekodi moja ifuate nyingine.

Angalia na joto. Kristali ndogo ya kilohezi 32.768, ile ya saa za mkononi, hupunguza mwendo kwa sehemu 0.034 kwa milioni zikizidishwa kwa kipeo cha pili cha tofauti ya joto kutoka nyuzi 25. Boksi lililofungwa likifika nyuzi 45 kwenye jua la Dodoma, tofauti ni 20, kipeo chake cha pili 400, na kloki imechelewa kwa sehemu 13.6 kwa milioni. Weka kinasa chini ya mbuyu, si juu ya boneti ya gari.

11. Pima kwa saa na simu yako

Huhitaji maabara kujua kama kloki yako inasema kweli. Programu ya arecord, ukiiambia irekodi sekunde 60, haiangalii saa ya ukutani. Inahesabu sampuli tu: kwa 48,000, inasubiri zifike 2,880,000. Kloki ikiwa ya kweli, zitafika kwa sekunde 60. Kama ni ile ya 46,875, zitachukua sekunde 61.44. Andika hivi:

time arecord -d 60 -f S32_LE -r 48000 -c 2 jaribio.wav

Ikizidi sekunde nzima, umeshamkamata mwizi. Rudia kwa dakika 10 ili kuchelewa kwa programu kuanza kusikuchanganye. Kosa la 46,875 litakuwa limefika sekunde 14.4.

Kisha jaribu kwa sikio la kompyuta. Cheza sauti ya hezi 1,000 kutoka kwenye simu, irekodi, na uangalie kilele cha masafa kwenye Audacity. Kikisoma 1,024, rudi kidokezo cha 3. Fanya majaribio haya mawili kila unapobadilisha bodi, kerneli au kigawanyo, hata kama mabadiliko yanaonekana hayahusiani na sauti.

12. Andika, kisha toa

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika, ukiwemo wa Wagogo, na katika kazi yake alikuwa akipima sauti za vyombo kwa uma za kupimia sauti ili namba zibaki pamoja na rekodi. Nawe fanya hivyo. Kando ya kila faili andika kasi ya sampuli uliyoipima, aina ya maikrofoni, kristali na kigawanyo, toleo la kerneli, kijiji, tarehe, na aina ya wimbo: ni nindo, ni muheme au ni nini. Andika na jina la kikundi na ridhaa yao, kwa maana wimbo ni wao. Faili lenye maelezo haya linaweza kusahihishwa hata baada ya miaka 50. Lisilo nayo litabishaniwa.

Na draiva yako usiifungie kwenye laptopu. Ukishaona hesabu za kloki zinarudi sifuri, masafa yanalingana na jaribio la dakika 10 limepita, itume kwa wasimamizi wa sauti wa kerneli ya Linux. Katika maelezo yako sema tatizo lilikuwa nini, chanzo chake nini, na ulilithibitisha vipi. Watakuuliza maswali magumu. Yajibu kwa namba. Msimbo ukikubaliwa, kijana wa Kondoa au Manyoni atakayenunua bodi hiyohiyo atarekodi kwa kloki sahihi tangu siku ya kwanza, na muda wake wote atautumia kuwasikiliza wazee.